Walimu wapya wa awali, acheni kuzipaka herufi rangi

Kila Januari ni yale yale. Mwalimu mpya anaripoti, au wanachuo wanaletwa kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, na siku ya tatu ukutani kuna manila: a nyekundu, e ya bluu, i ya kijani, o ya njano, u ya zambarau. Pembeni pamechorwa maua. Mwalimu mkuu anapita, anasifu. Sisi tuliotangulia tunanyamaza, maana ukimkosoa mtu mwenye gundi bado mkononi atadhani una wivu. Lakini wadogo zetu, tukiendelea kunyamaza mtafika Juni mnalia.

1. Herufi haina rangi yake

Tukiri kwanza: kosa hili tumelifanya karibu sote, na linadumu kwa sababu kwa macho linaonekana kama ushindi. Wiki mbili nzima unainua kadi na darasa linapaza sauti. Nyekundu: "aaa!" Bluu: "eee!" Kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini, unajaza kwa furaha kwamba wengi wamemudu. Wiki ya tatu unaandika a ubaoni kwa chaki nyeupe. Kimya. Unainua kadi, wanajibu. Unarudi ubaoni, kimya tena, na mmoja anasema "tano" kwa kubahatisha.

Tulichofanya wengi wetu hapo kilikuwa kibaya kuliko kosa lenyewe. Tulisema watoto ni wazito. Tukaongeza dakika za kadi zile zile, tukawaita wazazi, tukawahamishia nyuma wale "wasioelewa". Kumbe watoto walielewa vizuri kabisa, ila walielewa rangi. Kadi ile ina alama mbili, umbo na rangi. Umbo la a ni duara lenye mkia, jirani mno na e na o. Rangi inaonekana tangu mlangoni. Mtoto wa miaka mitano hana sababu ya kuhangaika na mkia wakati wekundu unampa jibu. Tena ukiiondoa rangi atashika kingine: kona iliyokunjika, doa la uji, au mpangilio, kwa kuwa a kwako ni ya kwanza daima. Namba nazo hivyo hivyo. Darasa ambalo 3 ni ya kijani kila siku linajifunza kijani.

Kipimo chake hakizidi dakika moja. Andika a kwa rangi uliyozoea kuandikia e, muulize mtoto mmoja peke yake. Akisema "e" bila kusita, kazi ya wiki mbili imeliwa.

Dawa ni hii. Kata manila nyeupe vipande vya sentimeta 10 kwa 15, andika herufi ndogo zote kwa maka moja nyeusi, kimo cha kutosha kuonekana na mkeka wa mwisho. Kila herufi itengenezee kadi tatu, ili doa la kadi moja lisimsaidie mtu. Piga mstari chini ya herufi, la sivyo kadi ya n ikigeuzwa inakuwa u na mtoto aliyesoma "u" yuko sahihi kuliko wewe. Changanya kadi kabla ya kila kipindi, kama karata.

Mtaniuliza, mbona za Montessori zina rangi? Maria Montessori, mwalimu Mwitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza, Nyumba ya Watoto, Roma mwaka 1907, alikata herufi za msasa ili mtoto azipapase kwa kidole huku akitamka sauti. Irabu ziko kwenye rangi moja, konsonanti kwenye nyingine. Angalieni hapo: rangi inataja kundi, haitaji herufi. Irabu tano zote zikiwa za bluu, mtoto bado analazimika kutazama umbo. Hiyo inaruhusiwa. Msasa ukikosekana, andika kwa gundi na unyunyize mchanga uliochekechwa. Mchanga wenye changarawe unachubua vidole na kesho hawagusi.

2. Sauti kwanza

Ukifundisha m, sema "mmm", usiseme "me", maana me na a mtoto ataunganisha apate "mea". Na b na d zisifundishwe wiki moja.

3. Trei la mayai

Mtoto anayeimba moja hadi ishirini bado hajui kuhesabu, anajua wimbo. Mpe vizibo saba avihesabu. Makosa ni mawili. La kwanza, mdomo unakimbia kuliko kidole, hivyo vizibo saba vinakuwa tisa. La pili ni la ndani zaidi: anahesabu vizuri hadi saba, unamuuliza "ni vingapi?", naye anaanza tena, moja, mbili... Hajajua kwamba neno la mwisho ndilo jibu. Usimpigie kelele. Badala ya kumuuliza, mwambie "nipe vinne". Akikupa ngumi nzima ya vizibo, umeshajua pa kuanzia.

Trei la mayai 30 lina safu sita za vishimo vitano. Likate kila baada ya safu mbili, utapata vitrei vitatu vya vishimo kumi. Kizibo kimoja, kishimo kimoja: mdomo hauwezi tena kukimbia, kwa sababu mkono una kazi ya kufanya. Ajaze safu ya juu kwanza. Baada ya siku kadhaa ataona saba kuwa ni tano na mbili bila kuhesabu. Kisha vitrei viwili: kimoja kimejaa, cha pili kina vitatu, na Kiswahili chenyewe kinakufundishia, kumi na tatu. Raha hiyo inaishia kumi na tisa. Neno ishirini halimwambii mtoto kwamba ni kumi mbili, kwa hiyo lionyesheni kwa trei, msilipitie kwa wimbo.

Vizibo visipakwe rangi kwa kazi hii. Mnajua sababu.

4. "Chekundu" ni sahihi

Mtoto ameshika kizibo, anasema "chekundu". Mwalimu: "Hapana! Sema nyekundu!" Jamani. Kizibo chekundu, jiwe jekundu, nguo nyekundu. Mtoto amepatanisha ngeli na wewe unamfuta. Vivyo hivyo kwa "viwili". Zinazobadilika ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane; sita, saba, tisa na kumi hazitikisiki. Kwenye rangi ni nyekundu, nyeupe na nyeusi. Anzeni na vitu vya ngeli moja, vizibo vitupu, hadi rangi zikae, ndipo mlete mawe na majani. Na mtoto wa kiume anayechanganya nyekundu na kijani kila siku, hata kwa vitu anavyovijua, huenda macho yake hayazitofautishi. Fimbo haitibu hilo.

5. Rangi za jikoni

Unga wa kufinyangia unatengenezwa hivi: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, mafuta vijiko viwili, maji karibu kikombe kimoja yakimiminwa kidogo kidogo. Ukinata, ongeza unga. Chumvi inavuta unyevu, hivyo Tanga au Dar es Salaam ukiuacha wazi unarudi uji. Bizari ya manjano inatoa njano safi, ila ikikutana na sabuni inageuka nyekundu ya kutu, kwa hiyo waambieni kina mama mapema kuhusu zile sare. Mkichanganya rangi za maji kupata kijani, anzeni na njano, ongezeni bluu kwa tone. Kinyume chake mtamaliza kopo la njano na bado ni bluu.

6. Vizibo na maharage

Vizibo vya bati vina meno, vipondeni kwa nyundo au mtumie vya plastiki vya chupa za maji. Haragwe likiingia puani linavimba kwa unyevu. Msilichokoe kwa kijiti, mpelekeni mtoto zahanati. Kila kundi lipewe vizibo au maharage 20 ya kuhesabia na lirudishe 20. Ikirudi 19, hakuna kwenda kunywa uji hadi mmekagua mifuko, pua na masikio.