Kuwa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo cha Marekani: niliyoyaona katika misimu mitano

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama kijana wa miaka 24 anayefundisha timu ya sekondari hapa Dar es Salaam anaweza kufika kwenye benchi la ufundi la chuo cha Marekani, na kama akifika atakuwa amepata kazi ya kuishi nayo. Niliifanya kazi hiyo kwa misimu mitano katika vyuo viwili vidogo vya Divisheni ya Pili, yaani daraja la pili la michezo ya vyuo: miwili ya kwanza nikiwa msaidizi anayelipiwa ada ya shahada ya uzamili na kupewa posho, mitatu iliyofuata nikiwa kocha msaidizi mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Unaweza kufika. Ila ujue mapema kwamba kinachoonekana kwenye televisheni ni sehemu ndogo sana ya kazi yenyewe.

Wengi wa rika langu tuliujua ukocha wa vyuo kupitia kwa Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, alipokuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun na timu ikafika nusu fainali ya taifa mwaka 2009. Tulimwona Calhoun akiwa tayari ni mkubwa. Hatukumwona akifundisha sekondari, wala ile miaka 14 aliyokaa Chuo Kikuu cha Northeastern kuanzia 1972, na ubingwa wake wa kwanza aliupata 1999 akiwa na umri wa miaka 56. Mike Krzyzewski naye, kocha wa Chuo Kikuu cha Duke aliyestaafu 2022 akiwa na mataji matano, alishinda mechi 10 tu katika msimu wake wa pili pale na 11 katika wa tatu, akipoteza 17 kila msimu. Nina shaka kama leo angeachwa aendelee.

Kazi yenyewe ni usajili, na usajili maana yake ni kukubali dhamana ya mtoto wa mtu. Katika msimu wangu wa kwanza nilifuatana na kocha mkuu kumtembelea kijana mmoja nyumbani kwao, mwendo wa saa tano kwa gari. Nilidhani tungeulizwa dakika ngapi atacheza. Mama yake alitukaribisha jikoni, akasikiliza habari za ufadhili na mabweni bila kusema neno, kisha akauliza swali moja: mwanawe hajawahi kuamka mwenyewe, sasa ni nani atakayemwamsha awahi darasa la saa mbili asubuhi? Kocha alininyooshea mkono mimi. Kijana alisaini, na muhula mzima nilikuwa nikigonga mlango wake saa moja na robo, siku nyingine theluji ikiwa imefika vifundoni, ndipo niende ofisini kukata video za mpinzani wetu afuataye. Mchezaji anayefeli masomo haruhusiwi kucheza, kwa hiyo kule kugonga mlango kulikuwa ukocha sawasawa na kumfundisha namna ya kusogeza miguu katika ulinzi.

Video nayo ni shule. Mechi ya dakika 40 ilinichukua karibu usiku mzima, nikirudisha nyuma mara kwa mara ili kuona mlinzi wao wa mbele hugeukia bega gani anapobanwa, na asubuhi kocha mkuu alitaka vipande 12 tu, si kimoja zaidi. Kuchagua hivyo 12 ndiko kulikonifundisha mchezo kuliko miaka yote niliyocheza.

Kuhusu riziki, nakuomba usijidanganye. Kocha mkuu akifukuzwa, kwa kawaida wasaidizi huondoka naye. Mimi nilielezwa hivyo mwezi Machi, katika kikao cha dakika kumi, na kwa kuwa visa yangu ilifungamana na ajira ile, nilibaki na siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kufungasha. Sikupata. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu tayari kulikuwa na vijana watatu niliokuwa nimewaahidi wazazi wao kwamba ningekuwapo.

Tangu wakati huo mambo yamezidi kubadilika. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje msimu mmoja, mwaka huohuo akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kumlipa. Tony Bennett, kocha aliyekipa Chuo Kikuu cha Virginia ubingwa mwaka 2019, alijiuzulu Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu, akieleza kwamba hafai tena kwa mazingira haya. Namwelewa kabisa.

Kama bado unataka, ingia kwa mlango wa shahada ya uzamili. Waandikie makocha kabla hujaomba chuo, anza na vile vidogo, na kumbuka kwamba baada ya kuhitimu utakuwa na miezi 12 ya kufanya kazi kabla chuo hakijalazimika kukuombea visa nyingine. Katika barua usiambatishe picha za vikombe. Ambatisha dakika tano za mazoezi yako: mchezaji mmoja akikosea, wewe ukimsahihisha, naye akirudia mpaka apatie.