Maswali yenu kuhusu selimundu na kasoro za damu zinazorithiwa

*Mimi na mume wangu ni wazima, lakini mtoto wetu wa pili amekutwa na sikoseli. Wakwe wanasema nimeileta mimi. (Mama, Newala)*

Pole sana, mama. Wanalosema si kweli, kwa sababu mtoto mwenye selimundu, yaani hiyo sikoseli, kwa kawaida amepokea kinasaba chake (chembe ya urithi) kwa baba na kwa mama vilevile. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa mbebaji, naye huishi bila kuumwa, ndiyo maana kinasaba hupita vizazi vingi kimyakimya. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa, hata kama wa kwanza alizaliwa mzima. Naumia kila nisikiapo mama akibebeshwa peke yake mzigo wa watu wawili.

*Tatizo hili limeenea kiasi gani? (Lindi mjini)*

Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa watu 13 hadi 20 kati ya kila 100 ni wabebaji, kwa kutofautiana mahali na mahali. Tukichukua 15, basi katika kila ndoa 1,000 zipo kama 22 ambazo mume na mke wote ni wabebaji, na robo ya watoto wao hutupa wagonjwa watano au sita kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Kwa taifa zima, hao ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Chanzo cha wingi huu ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi Afrika Mashariki, alionyesha kuwa mbebaji hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, hivyo mahali penye mbu wengi, kama pwani yetu na bonde la Ruvuma, wabebaji walisalimika na kuzaa zaidi. Lakini mgonjwa mwenyewe asidhani amekingwa: malaria humdhuru upesi, na chandarua kwake ni dawa.

*Nimeambiwa chembe zangu nyekundu ni ndogo ingawa madini ya chuma ninayo. (Kilwa)*

Huenda ni alfa thalasemia, kasoro ya kurithi inayopunguza utengenezaji wa himoglobini (kijenzi chekundu cha damu), ambayo imeenea sana pwani ya Afrika Mashariki, na kwa wengi ni nyepesi isiyohitaji tiba. Usimeze vidonge vya chuma miaka nenda miaka rudi bila kipimo.

*Nimeposa binti wa mjomba wangu. Je, kuna hatari? (Masasi)*

Ndugu wa damu hushiriki vinasaba, kwa hiyo hatari huongezeka ikiwa ukoo wenu una kinasaba cha selimundu; hata hivyo, kwa wingi niliouonyesha hapo juu, hata mchumba wa kutoka mbali anaweza kuwa mbebaji. Pimeni aina ya himoglobini nyote wawili, si wingi wa damu tu. Mkikutwa wabebaji, uamuzi wa kuoana unabaki kwenu, ila kila mtoto apimwe akingali mchanga, ili akiwa mgonjwa aanzishiwe penisilini ya kinga kabla bakteria hawajamuwahi.