Kilima siku ya mwisho: haki au uonevu?

SWALI: Shikamoo babu. Nabeba sato kwa baiskeli kutoka Mwaloni Kirumba. Mwaka 2025 Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, ilipandishwa kilima cha Montmartre mara 3 siku ya mwisho, pale Paris. Kijiweni wanasema waandaaji wameharibu siku ya sherehe. Wewe unaonaje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hao wa kijiweni wamezoea siku ya mwisho watu kuendesha taratibu na kupiga picha, kisha wenye kasi wagombee mstari wa mwisho kwenye barabara ya Champs-Élysées. Mimi ilikuwa inanilaza usingizi. Safari hii Pogačar, mwenye jezi ya njano ya anayeongoza mbio, alichomoka kilimani mvua ikinyesha; mpinzani wake Wout van Aert akamjibu, akamwacha, akashinda peke yake. Nilimwaga chai! Hofu ya kuanguka nayo ni ya kweli: mawe ya barabara ya kule yakilowa yanateleza kama kambale. Ndiyo maana muda wa jumla, unaoamua bingwa wa mbio nzima, ulifungwa mapema, anayeanguka asipoteze nafasi yake. Wewe unayepandisha Bugando na tenga la sato unajua kilima kinavyomuumbua mtu aliyechoka. Kilima kibaki hapohapo mwishoni. Ila mara 2 zingetosha.