Maswali ya Wasomaji: Kifusi Kinakwenda Wapi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nyumba ya marehemu baba yetu hapa Magomeni inabomolewa ili tujenge ghorofa. Mkandarasi anataka kuleta kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia, aibomoe kwa siku moja na kubeba kila kitu kwa malori. Ndugu zangu wameafiki. Je, kuna chochote cha kuokoa, au nitakuwa nawachelewesha bure? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wenu. Hutakuwa unawachelewesha bure. Kijiko kikitangulia, mbao, vioo, zege, jipsamu na udongo huchanganyika kwa saa chache, na mchanganyiko huo hauna mnunuzi. Lakini vitu hivyohivyo vikitolewa kimoja kimoja kabla ukuta haujaguswa, karibu kila kimoja kina mtu anayekihitaji. Waombe ndugu zako siku chache, na mkataba wa mkandarasi useme wazi kwamba nyumba itafunguliwa kwa mkono kwanza, kwa mpangilio ulio kinyume cha ujenzi: milango, fremu, grili, masinki na nyaya zitangulie, kisha mabati, kisha kenchi zinazobeba paa, na kuta ziwe za mwisho.

Mbao zichunguzwe kwa makini. Baadhi ya nyumba za zamani zilitengenezewa milango na fremu za mninga au mvule, miti ambayo leo ni adimu na ghali, na mbao iliyokauka kwa miaka mingi haipindi kirahisi kama ile iliyopasuliwa juzi. Misumari yote ing'olewe kabla mbao hazijafika kwa seremala. Matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa chokaa hubanduka na kusafishika kwa nyundo ndogo, ilhali yaliyojengwa kwa saruji nyingi huvunjika kabla ya kuachana, kwa hiyo hayo yahesabiwe pamoja na kifusi. Nondo zilizopinda ziuzeni kama chuma chakavu zikayeyushwe. Zisinyooshwe na kurudishwa katika nguzo za ghorofa lenu, kwa kuwa chuma kilichopindwa na kunyooshwa hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuvumilia.

Jambo moja lisifanywe kwa haraka. Ikiwa paa ni la zile bati nene za kijivu zenye asbesto, zisikatwe, zisivunjwe wala zisiuzwe tena, kwa sababu nyuzi zake ndogo zikivutwa na pumzi huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Ombeni kwanza ushauri wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Kinachobaki ndicho kifusi halisi, na usikubali kibebwe na lori ambalo dereva wake hasemi anakokwenda. Kifusi kingi jijini kimemwagwa mabondeni, likiwemo bonde la Msimbazi, na kila sehemu ya bonde inayojazwa huyanyima maji ya mvua nafasi ya kupita, hata yakaingia katika nyumba za watu ambao hawakubomoa chochote. Hilo linaniuma sana, kwa sababu kifusi safi, kisicho na mbao, plastiki wala udongo wa juu, kingeweza kujazwa chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, la nyumba ileile, kikashindiliwa tabaka kwa tabaka.

SWALI: Mhandisi, pokea salamu kutoka Pwani. Mimi ni mwakilishi wa wadi. Wenzangu wanapendekeza kaunti inunue mtambo wa kusaga kifusi. Je, hiyo ndiyo hatua ya kwanza? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mheshimiwa, mtambo uje baadaye. Hakuna mtambo utakaowarudishia mlango uliokwisha kuvunjwa, na kuitoa jipsamu ndani ya zege lililokwisha kusagwa ni kazi ngumu na ya gharama. Anzeni na kibali cha kubomoa, kwa maana hiyo ndiyo karatasi ambayo mwenye jengo anapaswa kuifuata ofisini kwenu kabla ya nyundo ya kwanza. Mji wa Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ulifanya hivyo mwaka 2016: nyumba za makazi zilizojengwa mwaka 1916 au kabla ya hapo hazikuruhusiwa tena kubomolewa kwa mashine, bali zilipaswa kufunguliwa kwa mkono ili vifaa vyake vitumike tena.

India, kwa kanuni zake za mwaka 2016, iliwataka wenye miradi mikubwa, inayotoa tani 20 au zaidi kwa siku moja au tani 300 kwa mwezi, watenganishe zege, udongo, matofali, chuma na mbao wenyewe. Kanuni hizo hazikuishia hapo. Zilielekeza pia kwamba kandarasi za manispaa na serikali zinunue sehemu ya vifaa vyao, kati ya asilimia 10 na 20, kutokana na kifusi kilichosindikwa. Kwangu mimi kifungu hicho kina thamani kuliko mtambo, kwa kuwa kinamhakikishia mwekezaji kwamba vitofali vyake vya njia za miguu, vilivyotengenezwa kwa kifusi, vitapata mnunuzi.

Jihadharini na takwimu za kupendeza. Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo la kutumia tena asilimia 70 ya kifusi kufikia mwaka 2020, lakini hesabu hiyo ilijumuisha hata kifusi kilichotumika kufukia mashimo. Uholanzi, inayotumia tena karibu kifusi chake chote, hukipeleka zaidi chini ya barabara. Barabara ni matumizi halali, ila jiwe zima la matumbawe lililochongwa vizuri, kama yale ya nyumba zenu za zamani, halistahili kusagwa likafukiwa ilhali lingeweza kujenga ukuta mwingine.

Wala msiwafukuze vijana wanaovunja zege kwa nyundo wakitafuta nondo. Tayari wanaifanya kazi ya kutenganisha, bila glavu wala kinga ya macho, na kwa malipo ya chuma peke yake. Wapeni eneo lenye mizani, maji ya kutuliza vumbi na bei inayojulikana ya kokoto pia, nanyi mtakuwa na kituo cha kwanza kabla ya mtambo kufika.

SWALI: Je, kokoto iliyosagwa kutoka zege kuukuu inafaa kwa nguzo? (Fundi mwashi, Morogoro)

JIBU: Kwa fundi asiye na maabara, jibu ni hapana. Kokoto hiyo hubeba saruji ya zamani inayofyonza maji, na zege lililochanganywa na jipsamu au mchanga wenye chumvi laweza kupasuka au kuozesha nondo. Itumie katika njia za miguu, sakafu za nje na matofali ya uzio. Ukitumwa na mhandisi kuitumia katika kazi nzito zaidi, iloweshe kabla ya kuchanganya, usipite kiwango alichokiandika, na vipande vya majaribio vipondwe maabara baada ya siku 28.