Sumaku ya kichwani na bangili ya sumaku si kitu kimoja

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama ana miaka 63, alipata kiharusi miezi minne iliyopita. Anatembea kwa fimbo, ila vidole vya mkono wa kulia vimejikunja, na yeye ni msusi wa mikeka. Kaka anataka tumpeleke India akatibiwe kwa sumaku kichwani. Hapa Ngamiani kuna anayeuza bangili za sumaku. Je, si ni tiba ileile? – Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si ileile, na hela ya bangili nunulia samaki. Sumaku ya bangili imetulia tu, na sumaku iliyotulia haizalishi umeme. Mashine ya hospitali ni koili ya waya, mara nyingi yenye umbo la namba nane, inayowekwa juu ya kichwa. Umeme mkali hupita humo kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu ya sumaku hupanda ghafla hadi tesla 1 au 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kisha huzimika. Kule kupanda na kushuka ndiko kunakoamsha umeme kidogo ndani ya ubongo, bila kisu. Anthony Barker na wenzake waliionyesha kwa mara ya kwanza Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Mgonjwa husikia tak, tak, na mtaalamu husogeza koili mpaka kidole gumba kiruke chenyewe. Hapo amepata mahali penyewe panapoendesha mkono.

Pande mbili za ubongo huzuiana. Wa mama ulioumia ni wa kushoto, na inadhaniwa ule mzima wa kulia sasa unaukandamiza. Basi hupigwa mpigo 1 kwa sekunde upande mzima ili utulie, au 5 hadi 10 upande ulioumia ili uamke, kisha mazoezi papo hapo.

Inasaidia? Wataalamu wabishana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2018 ulichukua wagonjwa karibu 200, wa miezi 3 hadi 12 baada ya kiharusi, yaani kama mama. Waliowekewa koili ya kweli na waliowekewa ya bandia walipata nafuu sawasawa, takriban theluthi mbili kila kundi. Wote walikuwa wakifanya mazoezi ya mkono, na mimi hapo ndipo ninaposoma mara mbili: huenda nafuu ilitokana na mazoezi hayo.

Mwenye kifafa, betri ya moyo au klipu ya chuma kichwani aseme mapema. Kwa kawaida haruhusiwi.

Wakati mnafikiria, mpeleke hospitali ya Bombo, muulizie fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Nyumbani msivute vidole kwa nguvu. Kunja kwanza kiwiko cha mkono wake, kisha kifundo cha mkono kielekee chini. Vidole vitalegea vyenyewe, ndipo ufungue gumba kuanzia shinani. Mkono ukishafunguka, mpe ukindu mpana, nyuzi tatu tu, wa kushoto ushike na wa kulia ubane. Dakika kumi, mara kadhaa kwa siku.

Na kaka asikate tiketi kabla hajaiuliza hospitali hiyo: baada ya koili, mama atafanyishwa mazoezi ya mkono kwa muda wa saa ngapi kila siku?