Mumeo hakukutupa, bibi, amekataa kuhonga

*Shangazi, nina miaka 29, nimeolewa hapa Mombasa na nina mtoto mmoja. Jumamosi jioni nilikamatwa mlangoni mwa supamaketi na vitu viwili nilivyosahau kuvilipia, manukato na krimu ya uso, vilivyokuwa kwenye mkoba wa mtoto chini ya nepi. Nililala seli, Jumapili nikatoka kwa dhamana ya polisi, na natakiwa kortini Alhamisi ijayo. Afisa mmoja alisema akipewa "chai" mambo yataisha palepale, lakini mume wangu akakataa. Ati niende nikaseme ukweli! Mume mwenye mapenzi hufanya hivyo? Na yeye ndiye asiyenipa pesa za matumizi yangu, kwa kuwa mamake humjaza maneno. Nimepata kazi Doha, nahitaji cheti cha tabia njema. Nifanyeje? – Aliyedhalilishwa*

Pole kwa usiku wa seli, mwanangu. Sakafu ya saruji na mbu wa Mombasa simtakii mtu. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema ulisahau. Mistari michache mbele unasema mume hakupi pesa. Aliyesahau ana haja gani ya kulalamikia pesa? Umeniletea visingizio viwili, na vyenyewe havipatani. Tena manukato hayajitii chini ya nepi.

Sikushikilii hapo kwa umbea. Kesi yako yote imekaa hapo. Kwa sheria ya Kenya, kukutwa na kitu hakutoshi kuitwa wizi. Lazima uwe umekichukua kwa nia ya kumdhulumu mwenyewe. Basi kama kweli ulisahau, kana shtaka, omba picha za kamera za duka ziletwe, upiganie jina lako. Kama ulikificha, kiri. Usichoweza kufanya ni kukaa katikati. Shtaka litasomwa kwa lugha unayoielewa. Ukisema "ni kweli", mwendesha mashtaka atasimulia mambo yalivyokuwa. Hapo ukianza "lakini mheshimiwa nilisahau", hakimu ataandika kwamba umekana, mashahidi wapangiwe tarehe, nawe uanze safari za kortini zisizokwisha.

Sasa huyo mumeo. Hukuniambia ni nani aliyetoa pesa za dhamana Jumapili. Si yule afisa wa chai, bila shaka. Wala hukuniambia mtoto alilala kwa nani usiku ule. Nakisia alilala kwa huyohuyo mama mkwe anayejaza watu maneno. Mtu alikuja kituoni, akatoa pesa, akakurudisha nyumbani, na bado unaniuliza kama ana mapenzi? Mwambie atunze risiti, maana pesa hizo ni amana. Ukihudhuria hadi kesi iishe, hurudishwa. Ukikosa kufika, zinapotea na hati ya kukukamata inatoka.

Na hiyo chai ungejua ni nini usingeililia. Wizi wa kawaida kama huu, kifungo chake cha juu kabisa ni miaka 3. Sheria ya Hongo ya 2016 inamfunga mtoaji na mpokeaji hadi miaka 10. Ulitaka mumeo aingie shimo lenye kina mara tatu ya lako, halafu unamwita asiye na mapenzi! Mimi nasema wazi, katika barua hii mwenye akili ni yeye.

Ndoa za siku hizi zimenichosha. Mume mwema amekuwa yule anayefunika. Funika deni la kikundi, funika uongo, funika kesi. Anayesema "twende tukalikabili" anaitwa katili, na anasemwa kwa marafiki wa mkewe mpaka usiku wa manane. Wanaume nao nisiwasamehe: mke kuombaomba shilingi ya mafuta ya kujipaka si jambo la kujivunia, na kama hilo ni kweli kwako, mkae na wazee mlizungumze. Lakini hilo ni la baraza la nyumbani. Mbele ya hakimu halitakusaidia.

Miaka 3 isikutie homa, hiyo ndiyo dari. Kwa kosa la kwanza, kwa mtu aliyekiri, hakimu ana njia nyingine: faini, kuachiliwa kwa sharti la kutorudia kosa kwa muda usiozidi miezi 12, kazi ya jamii, au probesheni, yaani kukaa nje chini ya uangalizi wa afisa, ya kati ya miezi 6 na miaka 3. Hakuna anayeweza kukuahidi atachagua ipi. Ila kabla ya hukumu kama hizo, afisa wa probesheni hutumwa kuchunguza. Atafika nyumbani aulize unaishi vipi na watu, una tabia gani. Na atamuuliza nani? Mama mkwe wako. Kwa hiyo mwendee leo, umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mgeni mwenye faili. Mficha uchi hazai.

Duka nalo lina nafasi yake. Mlalamikaji anaweza kuiomba mahakama imruhusu kuondoa malalamiko kabla ya uamuzi. Nenda na mumeo, mchana, kwa meneja. Ombeni radhi na mtake jibu la maandishi. Wanaweza kukataa, na ni haki yao. Mwendesha mashtaka pia ana lake la kusema.

Kuhusu Doha, cheti hicho hutolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, kwa alama za vidole, na hatia ya wizi inaweza kujitokeza. Ndiyo maana uonane na wakili kabla ya Alhamisi, si baada. Mueleze habari ya safari kabla hujatamka "ni kweli". Huna pesa? Shirika la Kituo cha Sheria lipo Mombasa, huwasaidia wasiojiweza. Na je, mumeo anaijua hiyo Doha? Umeitaja mwishoni kabisa, upesiupesi, na mtoto hukumtaja ataachwa na nani. Nina shaka hapo, ila nitangoja barua nyingine.

Alhamisi vaa buibui la heshima, mtoto abaki na bibi yake, na ufike kabla ya saa tatu umuulize karani faili lako liko chumba gani.