Barua kwa mwanangu: huo mstari wa fedi

Mwanangu, marahaba. Sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara mbili, unauliza mbona fedi zako, huo mnyoo wa nywele kupungua taratibu kuelekea chini, zinabaki na mstari pembeni hata upitishe mashine mara kumi, na wateja wa hapo Sakina wameanza kusema. Nimeona nikuandikie ili uwe unarudia kusoma.

Baba, mstari hautoki manake unakandamiza. Nilikuangalia Krismasi ulipomnyoa mjomba wako, mashine umeigandisha kichwani mpaka juu kabisa ndo unaitoa, sasa hapo unakuwa umechimba mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Mkono unatakiwa uchote, ukikaribia mstari kiwiko kinatoka nje na mashine inaachia ngozi yenyewe, kama unavyopakua wali bila kugusa ukoko.

Af hiyo leva ya pembeni ya mashine huitumii kabisa! Ikiwa wazi inaacha nywele ndefu kidogo, ikifungwa inakata chini, na hapo katikati ndo kuna kazi yote. Kitana cha kuvalisha mashine, namba moja kinaacha nywele milimita 3, namba mbili 6, kile cha nusu 1.5. Wewe unatoka mashine tupu bila kitana unaruka hadi namba moja, huo mstari utaufuta na nini? Weka cha nusu, leva wazi, pita juu ya mstari, funga leva kidogo, shuka kidogo, pita tena, na utumie kona ya bledi sio bledi nzima. Nyuma ya sikio pale mfupa umetokeza nenda taratibu sana, nywele za hapo zikikatwa chini panabaki kama kidoa cheupe na hapana dawa mpaka ziote. Kisogoni kwenye mikunjo vuta ngozi kwa kidole gumba kwanza.

Mashine ikipata moto pumzisha. Mimi mwaka wangu wa kwanza pale Majengo nilimuunguza mtoto wa watu shingoni, alilia mpaka leo nakumbuka ile sauti, tangu siku hiyo naigusisha kwanza hapa ndani ya mkono wangu. Mafuta matone mawili matatu, ya mashine, sio ya nazi, yale yanaganda na kushika vumbi la nywele. Spiriti kila mteja, hata kama foleni iko mpaka mlangoni.

Na mwenye vipele vya ndevu usimpeleke chini kabisa hata akilazimisha, nywele zetu zinajikunja zikiota zinarudi kwenye ngozi, ndo kile kipele. Mwachie kidogo, mweleze vizuri, ataelewa.

Jumapili panda Kosta uje. Mdogo wako nimemwambia asinyoe, wewe utachukua upande wa kushoto mimi wa kulia, na uje na mashine yako hiyohiyo.

Mama yako